Tangi la mimea: maji maangavu kama kioo, samaki wanakufa kila alfajiri. Nimekosea wapi?

#1 Mti_na_Maji
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, hali imenishinda. Mwanangu wa miaka saba amewapa samaki wote majina, na kila asubuhi anahesabu waliobaki kabla hajanywa chai.

Tangi nimetengenezewa na fundi wa vioo hapa Tabata: sentimita 90 kwa 40, kimo 45, kioo cha milimita 8. Chini kuna udongo wa bustani niliochanganya na samadi ya ng'ombe, unene wa vidole vitatu, juu yake mchanga wa mto. Mimea ni Anubias tatu, Vallisneria kama mashina 20 na fungu la ule mmea unaoelea, ulio kama mkia wa paka. Taa za LED zinawaka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Hewa ukaa ya mimea natengeneza mwenyewe kwa chupa ya hamira na sukari. Filta ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Maji ni ya kisima cha mtaani, yana chumvi kwa mbali ukiyaonja.

Samaki niliwaingiza siku ya tatu: gapi 12, moli 6, samaki wa dhahabu 2 na mlamba kioo mmoja. Leo ni siku ya 11. Wamekufa moli 4 na gapi 3, wote nimewakuta asubuhi. Mchana kutwa wanacheza vizuri na wanakula. Vallisneria nazo majani yanateleza kama mlenda. Shida ni nini?

#2 Chipukizi
Natia nanga hapa. Na mimi nipo mbioni kuanza.

#3 Mama_Gapi
Tangi bichi hilo, kaka. Siku ya tatu! Samaki wanakojoa humohumo, chakula kinachobaki kinaoza humohumo, yote hayo yanageuka amonia. Kuna bakteria wanaoila amonia na kuifanya nitriti, na wengine wanaila nitriti na kuifanya nitrati, ambayo ndiyo mbolea ya mimea yako. Hao bakteria huwanunui dukani na samaki. Wanaota wenyewe kwenye sponji na mchanga, na inachukua wiki nne hadi sita. Maji yanaweza kuwa maangavu na bado ni sumu.

Mimi nilipoanza nilipoteza gapi 20 ndani ya wiki mbili. Leo nagawa watoto wao kwa ndoo.

#4 Fundi_Kioo
Kabla hamjafika kwenye bakteria, muulizeni silikoni gani imetumika kuunganisha vioo. Ile ya bafuni ina dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo inavuja majini taratibu. Mteja wangu mmoja alijengewa tangi na mtu mwingine, samaki wakafa miezi miwili mfululizo mpaka tulipolibomoa. Pia ilikauka siku ngapi kabla hujajaza?

Na chini ya tangi umeweka karatasi ya povu? Maji peke yake ni kilo 160, kioo kama kilo 30, bado mchanga. Meza ikiwa na kijiwe kidogo tu, kioo cha chini kinapasuka.

#5 Mti_na_Maji
Povu lipo. Silikoni ilikauka siku mbili, ilikuwa na harufu ya siki. Nimempigia fundi, anasema ni ya kawaida, ila kopo ameshatupa.

#6 Fundi_Kioo
Harufu ya siki pekee haitoshi kuwa ushahidi. Hata za bafuni zipo zenye harufu hiyo.

#7 Mwl_Kemia
Namsahihisha kidogo Mama_Gapi hapo #3, mengine yote yuko sahihi. Samaki wa maji baridi hatoi amonia yake nyingi kwa mkojo, anaitoa kwenye matamvua. Na hata asipolishwa anaendelea kuitoa.

Jambo la pili ni la muhimu zaidi kwa maji ya kisima. Amonia ina sura mbili majini, na moja tu ndiyo sumu kali. Kwa joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 5. Ikiwa 9 inapita asilimia 30. Joto likipanda, nayo inapanda. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na amonia ileile, mmoja samaki wake wakaishi na mwingine wakafa. Pima pH, pima amonia, ndipo tuzungumze.

#8 Shamba_Darasa
Mimi naona mnazunguka mbuyu. SAMADI. Udongo chini ya mchanga ni njia nzuri, nimeitumia miaka na mimea inashiba. Lakini udongo wenyewe uwe mkavu, umechekechwa, hauna mbolea wala samadi, na unene wake usizidi sentimita 3. Samadi ikizama majini inatoa amonia usiku na mchana. Wewe umejenga kiwanda cha amonia sakafuni.

Jaribu hivi: chomeka kijiti cha mshikaki taratibu hadi kwenye udongo. Yakipanda mapovu yenye harufu ya yai viza, chini kumeoza.

#9 Mkigoma
Salamu kutoka mwambao wa Tanganyika. Nitetee kisima kidogo. Vallisneria haiogopi maji magumu. Huku inaota yenyewe kwenye ghuba za mchanga, na pH ya ziwa letu ni kama 8.5 hadi 9. Ikiyeyuka wiki za kwanza ni kawaida, mmea umebadilishiwa maji na unaacha majani ya zamani. Usiing'oe. Shika shina lake kwa vidole: likiwa gumu na jeupe, liko hai. Angalia pia kama hukuzika kitovu chake, pale majani yanapokutana na mizizi. Kile kibaki juu ya mchanga.

Na hizo Anubias umezipanda wapi?

#10 Mti_na_Maji
Kwenye mchanga, kama mchicha.

#11 Mkigoma
Zing'oe leo. Anubias ni mmea wa mito ya Afrika Magharibi na Kati, shina lake linatambaa juu ya mawe na magogo. Ukilizika linaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti, mizizi itashika yenyewe.

#12 Mpemba_wa_Maskati
Asalaam alaykum. Hajatajwa adui mwengine: joto. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Huku Omani kiangazi bila ya kiyoyozi hufugi kitu. Mimi naweka feni ndogo ipulize juu ya maji, yanashuka nyuzi mbili tatu.

#13 Mama_Gapi
Mpemba, feni Dar haina nguvu hiyo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka, kwa hiyo hayapoi. Nimejaribu mwezi wa pili, nikapata nyuzi moja tu.

#14 Mpemba_wa_Maskati
Kweli, nami feni yangu imo ndani ya chumba cha kiyoyozi, hewa kavu. Umenisahihisha vyema dada.

#15 Limuru_Baridi
Nyinyi mnalia joto, huku kwetu usiku wa Julai maji yanashuka mpaka nyuzi 15. Bila hita gapi wanajikunja kama majani makavu. Na stima ikipotea ndio basi.

#16 Shamba_Darasa
Hiyo stima inapotea inaenda wapi? Sisi umeme wetu unakatika tu.

#17 Limuru_Baridi
Unapotea pamoja na samaki wangu, ndugu yangu. Tuendelee na mada.

#18 Chipukizi
Swali la pembeni. Shangazi yangu yuko Mwanza. Naweza kumwambia anichumie mimea ziwani badala ya kununua? Nasikia huo mkia wa paka umejaa kule.

#19 Nyakato_Mwanza
Umejaa, ni kweli, kitaalamu ni Ceratophyllum. Lakini angalieni konokono. Wapo wanaobeba kichocho, wanajificha kwenye majani na mayai yao ni kama tone la gundi angavu. Shangazi yako asiingie majini kwa ajili ya tangi lako. Na gugu maji msilikaribishe hata kama ua lake linavutia. Lilifika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo wavuvi wanalia.

#20 Mwl_Kemia
Niongeze ili watu wasiogope kupita kiasi. Konokono huambukizwa na vijidudu vinavyotoka kwenye mayai ya kichocho, na mayai hayo hutoka kwa binadamu mgonjwa, kwa mkojo au kinyesi. Konokono aliyeanguliwa ndani ya tangi lako hana kichocho. Wa hatari ni yule aliyetoka ziwani akiwa ameshaambukizwa, huyo anaweza kuendelea kumwaga vijidudu majini kwa wiki kadhaa. Vaa glavu, waondoe wote.

#21 Nyakato_Mwanza
Nashukuru mwalimu. Na mkitaka samaki wa kwetu, fugeni furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Utotoni tulikuwa tunawatupia paka. Sangara waliletwa miaka ya 1950, wakawala, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi mno walikuwa wametoweka. Ninao dume mmoja, ubavu wa samawati na mgongo mwekundu, anang'aa kuliko huyo gapi wenu. Majike humchagua dume kwa rangi. Ndiyo maana ziwa likiwa na tope aina zinachanganyikana, jike haoni vizuri.

#22 BintiUnguja
Hamjambo. Kwa kuwa mumefika kwenye samaki wa kwetu: Unguja tuna Nothobranchius guentheri, wa madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, mayai yanabaki topeni yamelala mpaka mvua. Nimeyaona hayo: tope nililiweka kwenye mfuko likiwa na unyevu kidogo tu, miezi mitatu kabatini. Nikamwagia maji asubuhi, jioni vitoto vimo, vyembamba kama kope.

#23 Mkigoma
Subhana. Hiyo anzisha uzi wake, nitakuja wa kwanza.

#24 Shamba_Darasa
Turudi Tabata jamani, mtoto wa watu anahesabu maiti.

#25 BintiUnguja
Haya, nimuulize mwenye uzi. Una hakika mchanga ni wa mto? Weka kijiko kimoja kwenye kisosi, kamulia ndimu. Ukichemka kama soda, imo chokaa ya makombe, na huo utapandisha pH kila siku.

#26 Mti_na_Maji
Nimerudi, nimesoma yote. Ahsanteni sana.

Ndimu: vipovu vinne vitano, halafu kimya. Kijiti: mapovu yalipanda sehemu moja, kona ya kushoto, na harufu ilikuwa mbaya kweli. Vallisneria: mashina mengi ni magumu. Anubias nimezing'oa, mbili zimeshaanza kulainika, nimekata sehemu iliyooza na kufunga zilizobaki kwenye jiwe. Kuhusu vipimo, duka la samaki wa mapambo wameniuzia karatasi za kuchovya. Zinaonyesha pH zaidi ya 8, nitriti kidogo. Kwa hiyo amonia haipo?

#27 Mwl_Kemia
Hapana. Karatasi nyingi za kuchovya hazina kipimo cha amonia kabisa. Soma pembeni ya kichupa. Tafuta kipimo cha matone.

#28 Limuru_Baridi
Nimesoma #1 mara tatu. Wote wanakufa alfajiri, mchana wako sawa. Amonia haiangalii saa. Kinachobadilika usiku ni mwanga. Taa ikizimwa mimea inaacha kutoa oksijeni na inabaki kuivuta tu kama sisi. Na chupa ya hamira haijui kama ni usiku, inaendelea kusukuma hewa ukaa. Je, pampu ya hewa inafanya kazi usiku?

#29 Mti_na_Maji
Usiku naizima saa nne. Inanguruma na mama mkwe analala sebuleni.

#30 Limuru_Baridi
Basi ndiyo hiyo.

#31 Mpemba_wa_Maskati
Tazama pia waliobaki. Mlamba kioo anaweza kumeza hewa juu ya maji na kuitumia tumboni. Samaki wa dhahabu ni mvumilivu wa maji yenye oksijeni chache. Moli ni wakubwa kuliko gapi, wanataka hewa zaidi, na wao ndio wameanza kufa. Ingekuwa chumvi, moli wangekuwa wa mwisho, maana wao chumvi wanaipenda. Dalili zote zinaelekea kwenye hewa.

#32 Mama_Gapi
Samaki wa dhahabu ni mvumilivu wa kila kitu, hata wa amonia, hiyo si hoja. Na mmesahau kwamba sponji ndiyo nyumba ya bakteria. Ukizima pampu kwa saa nane kila usiku maji hayapiti, wanapungukiwa oksijeni, kazi yao inazorota.  Hata kama kinachoua ni hewa, amonia ndiyo imewadhoofisha. Na hao wa dhahabu wawili watoke. Wanachafua kuliko wengine wote pamoja, na wakikua watakula hiyo mimea.

#33 Shamba_Darasa
Kona ya kushoto inanuka yai viza na bado watu wanabishana.

#34 Mti_na_Maji
Kipimo cha matone nimepata kwa kuazima. pH 8.2, joto nyuzi 30, amonia rangi iko katikati ya 0.5 na 1 (miligramu kwa lita).

#35 Mwl_Kemia
Kwa pH na joto hilo, yenye sumu ni kama asilimia 11 ya hiyo. Ni mbaya, inaunguza matamvua. Lakini peke yake sioni ikiua samaki saba kwa saa maalumu. Matamvua yaliyoungua yanashindwa kuvuta oksijeni chache ya alfajiri: hapo naona Mama_Gapi na Limuru wanakutana, ingawa siwezi kuapa. Fanya jambo MOJA kwa wakati ili tujue. Anza na pampu, usiizime usiku.

#36 Mti_na_Maji
Samahani mwalimu, sikusubiri. Juzi nimebadilisha theluthi ya maji, nimeacha pampu inawaka ikiwa imening'inizwa kwa kamba isigonge ukuta, nimepunguza taa ziwake kwa muda wa saa saba tu kwa siku, samaki wa dhahabu nimempelekea dada yangu, na samadi ya ile kona nimeinyonya kwa mpira. Leo siku ya tatu hakuna aliyekufa. Wamebaki 12.

#37 Mwl_Kemia
Nimefurahi kwa ajili ya mtoto. Ila umebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa kila mmoja humu atadai ushindi.

#38 Shamba_Darasa
Nadai.

#39 Limuru_Baridi
Nadai pia.

#40 Mti_na_Maji
Wakuu, leo saa tisa alasiri amekufa gapi mmoja. Mchana kweupe, pampu inawaka. Alizunguka kama pia, akalala ubavu, ndani ya dakika kumi basi.

#41 Fundi_Kioo
Silikoni.

#42 Nyakato_Mwanza
Kuna mtu amepuliza dawa ya mbu? Dawa nyingi za kopo haziwasumbui sana watu lakini samaki zinawaua kwa kiasi kidogo sana, na pampu yako inavuta hewa ya chumbani moja kwa moja mpaka majini.

#43 Mti_na_Maji
Mama mkwe alipuliza chumbani kwake baada ya chakula cha mchana. Mlango ulikuwa umefungwa. Wengine 11 wanaogelea vizuri.

#44 Mama_Gapi
Ingekuwa dawa wasingekufa mmoja mmoja. Gapi wa duka nao huja na ugonjwa wao. Muda ukifika wanakwenda.

#45 Mti_na_Maji
Aliye macho anisaidie tafadhali. Umeme umekatika tangu saa tano usiku, sasa ni saa nane na nusu. Nimemulika kwa tochi, wote wako juu, midomo imegusa hewa.

#46 Limuru_Baridi
Nipo. Kwanza toa mpira wa chupa ya hamira majini, sasa hivi. Kisha chukua jagi, chota maji ya tangi, yamwage kutoka juu, kimo cha mkono ulionyooka. Mara ishirini, pumzika dakika tano, rudia. Usiwalishe.

#47 Mama_Gapi
Na mimi nimeamka. Funua kifuniko chote. Kesho tafuta pampu ndogo ya betri, za wavuvi wa ndoana zipo.

#48 Mti_na_Maji
Mama mkwe ameamka, ameshika tochi, mimi namwaga.

#49 Mti_na_Maji
Saa kumi na dakika ishirini. Bado giza. Wameshuka chini, ni wawili tu wako juu. Nimewahesabu mara mbili, wote 11. Naendelea kumwaga mpaka kupambazuke.

#50 Mwl_Kemia
Ukimaliza, kabla jua halijatoka, pima amonia uandike hapa. Na mpira wa hamira usiurudishe.